Mama anaombea ku réveil, minerval analipa kwa mapadri



Wiki mbili zilizopita padri mmoja wa kwetu, yule aliyembatiza mdogo wangu wa mwisho, alinitumia ujumbe wa sauti kwa WhatsApp. Siku hizi anafanya kazi Hispania, kwenye vijiji vya milimani. Yuko na parokia sita, peke yake. Jumapili ile alikuwa ametoa misa kwa watu 11, na katika wale, alisema huku anacheka, "kijana ni mama moja wa miaka 65". Kisha akaniuliza: "Na ninyi kule, shirika yenu ingali inajaa?"

Nilisambaza ujumbe ule kwenye groupe yetu na mabishano yakawaka mpaka saa sita ya usiku. Wengi walisema hata huku itafika vile, muache tu masomo na intaneti viongezeke. Mwingine akaandika kwamba Kanisa Katoliki limekwisha kufa Bukavu, vinabaki majengo. Wengine wakakasirika, wakatuma picha za misa ya Pasaka watu wamejaa mpaka inje. Miye si mwana-teolojia, niko agronome tu, lakini naona pande zote zilikosea kitu kimoja: zilikuwa zinahesabu watu ndani ya kanisa. Kwa kuhesabu hivyo utaielewa Hispania. Bukavu hautaielewa.

Tuanze na Hispania kidogo, halafu tuiache. Chini ya Franco, Kanisa na Serikali walikuwa karibu kitu kimoja. Mapatano ya mwaka 1953 kati ya Roma na Madrid yalifanya dini ya Kikatoliki kuwa dini ya taifa, ikafundishwa shuleni kote. Franco akafa mwaka 1975, na katiba ya 1978 ikasema hakuna dini ya Serikali. Kuachana kwa ndoa kukaruhusiwa na sheria ya 1981. Mwishoni mwa miaka ya 1970 karibu watu 90 kwa 100 walijiita Wakatoliki. Leo ni chini ya 60, na wengi kati ya hao hawaonekani kwenye misa. Ila muangalie kitu kingine kilichotokea katika miaka ileile: Serikali yao ilijenga hospitali ambazo kila mtu anatibiwa, ikalipa pensheni za wazee, ikafungua shule mpaka vijijini. Mtu aliyechoka na padri aliweza kumuacha na bado akapata daktari, shule ya mtoto, pensheni ya mama yake. Kulihama Kanisa hakukumgharimu kitu.

Sasa turudi nyumbani, na mniruhusu nianzie kwenye udongo, maana ndiyo kazi yangu.

Tarehe 26 Mei 1906, Roma na Serikali ya Leopold wa pili walitia sahihi mapatano. Kila misioni ya Kikatoliki itapewa ardhi, kati ya hektari 100 na 200, bure na milele. Na misioni kwa upande wake itafungua shule. Mapatano yale yanataja hata mafundisho yenyewe: kilimo, utunzaji wa misitu, kazi za mikono. Mwaka uleule Mapadri Weupe walianza misioni ya Nyangezi. Kwa hiyo mtu akiniuliza agronomia iliingia Bushi kwa njia gani, jibu langu ni kwamba kwenye karatasi iliingia pamoja na katekisimu, katika mkataba mmoja.

Hektari 100 ni nini? Wenzangu mliofanya stage Kabare ao Walungu mnajua. Mle familia ya watu saba ao nane inaweza kulima chini ya nusu hektari, kwenye mteremko, udongo umechoka, mihogo ina ugonjwa, migomba imeshikwa na mnyauko. Halafu juu ya kilima, pahali pazuri pasipotelemka sana, unaona miti mirefu ya mikaratusi imepangwa kwa mistari. Hauhitaji kuuliza, ni misioni. Nilipokuwa mwanafunzi, mzee mmoja aliniambia akinionyesha kwa fimbo: "Pale babu yangu alikuwa analimaka mtama." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha barabara. Na Jumapili yake mzee yule alikuwa kwenye misa, kitini cha mbele, na kikapo cha maharagi cha kutoa sadaka.

Najua tangu sheria ya 20 Julai 1973 udongo wote ni mali ya Serikali, na Kanisa, kama wewe na miye, linapewa haki ya kuutumia tu. Lakini kati ya sheria na kilima kuna umbali. Nimeweka jambo hili mbele kwa sababu tunapozungumza juu ya "nafasi ya Kanisa" tunakimbiliaka imani na siasa, tunasahau kwamba nafasi ile ilianza kwa hektari.

Juu ya hektari zile zikajengwa shule, na kwa muda mrefu masomo ya mtoto mweusi yalikuwa karibu yote mikononi mwa wamisionari. Ni mwaka 1954 tu ndipo waziri wa makoloni, Auguste Buisseret, mtu wa chama cha liberali, alipoanza kufungua shule za Serikali zisizo za dini kwa Wakongomani. Mapadri walipiga kelele sana. Miaka sita baadaye uhuru ukafika, shule nyingi zikawa zingali za mapadri.

Mobutu alijaribu kuvunja nguvu ile. Mwaka 1972 alikataza majina ya Kikristo (baba yangu Jean akawa hana tena Jean kwenye karatasi, nyumbani waliendelea kumuita Jean), na Kardinali Malula akalazimika kukaa Roma kwa miezi. Mwaka 1974 Noeli ikatolewa kwenye siku za mapumziko, na mwisho wa mwaka ule Serikali ikatangaza kwamba inachukua shule zote. Ilishindwa kuziendesha hata miaka mitatu. Tarehe 26 Februari 1977 walitia sahihi mkataba na makanisa: Serikali italipa walimu na kutoa programu, Kanisa litasimamia shule. Ndiyo maana hata leo tunasema "école conventionnée". Neno hilo tunalitamka kila siku, wachache wanajua kwamba maana yake ni Serikali iliyochukua mzigo halafu ikaurudisha.

Cha ajabu, Hispania nako wako na shule za aina hiyo, Serikali inalipa, Kanisa linaendesha. Tofauti iko kwenye hilo neno "inalipa". Kwetu, kuanzia mwanzo wa miaka ya 1990, mshahara wa mwalimu uligeuka kuwa kichekesho, na wazazi wakaanza kumlipa wao wenyewe. Mpaka mwezi wa 9 mwaka 2019, shule ya msingi ilipotangazwa kuwa bure, kizazi chetu chote kilisomeshwa na mifuko ya wazazi ndani ya shule za Serikali zinazosimamiwa na mapadri. Ukiielewa sentensi hiyo umeelewa inchi.

Hata universite. Mjini Bukavu, ukiweka pembeni zile institut za juu kama ISP, universite ya Kikatoliki, UCB, ilifunguliwa mwaka 1989. Ile ambayo leo ni UOB, ya Serikali, ilianza mwaka 1993 kama tawi la Kisangani. Kanisa lilitangulia Serikali.

Hapo ndipo naingiza mama yangu.

Mama alibatizwa Katoliki, akafunga ndoa Katoliki, akaimba kwaya. Miaka ya vita ilipokuja, na baba akawa hana kazi, na mtoto mmoja akafa kwa malaria, alianza kwenda maombi ya usiku kwenye chumba kimoja cha mbao huku Kadutu. Kule waliweka mikono juu ya kichwa chake, wakataja jina lake, wakalia pamoja naye. Kwenye parokia kubwa hakuna aliyejua kwamba amekosekana. Polepole akawa mtu wa réveil kabisa. Kelele, vigelegele, siku tatu za kufunga, fungu la kumi, vyote.

Lakini mwezi wa tisa ukifika, mama alichukua foleni kwa masista kutafuta nafasi ya dada yangu. Pasteur wake alikuwa amefungua shule yake mwenyewe, ya mbao vilevile, bei ndogo. Nilimuuliza kwa nini asimpeleke kule. Alinitazama kama mtoto mdogo: "We, miye naombaka kwenye Mungu ananisikia. Lakini batoto basome kwa bapadri."

Mama hayuko peke yake. Mtaani kwetu naweza kuhesabu familia kumi za namna hiyo. Jumapili ku réveil, Jumatatu shuleni kwa mapadri. Mtoto akiugua, anapelekwa kwenye kituo cha afya cha parokia, na katika familia hizo kuna zilizojiandikisha kwenye mutuelle ya afya inayosaidiwa na BDOM, ofisi ya jimbo inayoshughulikia matibabu. (Waprotestanti nao wako na nguvu yao, tusiwasahau: hospitali ya Panzi ya daktari Mukwege ni ya CEPAC.) Imani inahama, mtu anabadilisha kanisa kama anavyobadilisha namba ya simu. Huduma haihami, kwa sababu hakuna pa kuihamishia. Hispania watu waliacha vyote viwili kwa sababu Serikali ilikuwa imekwisha kutengeneza pa kwenda.

Kuna sababu nyingine ya Kanisa kubaki na uzito hapa, na hiyo haihusu huduma. Wakubwa zetu waliiona kwa macho.

Oktoba 1996. Vita vinashuka kuelekea Bukavu, wakubwa wa Serikali na askari wanakimbia. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, mtoto wa Walungu, anabaki. Tarehe 29 anauawa barabarani, kwenye carrefour ya Nyawera. Mwili wake ulilala pale mpaka kesho yake. Siku mbili baadaye, tarehe 31, kwenye kambi ya wakimbizi ya Bugobe, mabruda wanne Wamaristi wanauawa, na maiti zao zinatupwa ndani ya shimo la maji machafu: Servando Mayor, Julio Rodríguez, Miguel Ángel Isla na Fernando de la Fuente. Wote wanne walikuwa Wahispania. Huwa nafikiria jambo hilo kila nikisikia habari za makanisa matupu ya kwao. Walitoka katika inchi ambayo tayari ilikuwa inaachana na Kanisa, wakafa katika yetu kwa sababu walikataa kuwaacha watu wenye hata si wa inchi hii.

Kisha akaja Emmanuel Kataliko. Alikuwa askofu wa Butembo tangu 1966, mtu wa kujenga barabara na madaraja, akaletwa Bukavu mwaka 1997. Kwa Noeli ya 1999 aliandika barua kwa waamini, akashutumu wageni wanaotawala na kupora kwa msaada wa ndugu zetu wenyewe. Waasi wa RCD walimkatalia kurudi mjini tarehe 12 Februari 2000, wakamfunga Butembo. Bukavu iligoma. Makanisa yalifungwa na shule nazo zikasimama. Miye nilikuwa mtoto mdogo sana, nakumbuka tu kwamba hatukusikia kengele, na kwamba watu wazima walisema kwa sauti ya chini. Alirudi tarehe 14 Septemba mwaka uleule, watu wakajaa barabarani kama maji. Wiki tatu baadaye, tarehe 4 Oktoba, akafa Roma.

Muone tofauti. Kwa Wahispania wengi wazee, Kanisa lilikuwa upande wa aliyeshika bunduki, na walipomaliza na Franco walikuwa na deni la kumalizana nalo. Hapa kwetu, angalau katika kizazi cha wazazi wetu, askofu alikuwa upande wa aliyelengwa na bunduki. Mtu hawezi kuligeuzia mgongo kirahisi Kanisa lenye maiti yake ililala Nyawera. Hata mama, na uréveil wake wote, akipita pale anapunguza mwendo.

Haikuwa hivyo siku zote, na sitaki kuandika sifa tupu. Wakati wa ukoloni Kanisa lilitembea na Wabelgiji mkono kwa mkono. Baadaye ndipo likageuka kuwa sauti ya wasio na sauti: Monsenyeri Monsengwo akaongoza Konferansi ya taifa, Wakristo wakaandamana Kinshasa tarehe 16 Februari 1992 na kupigwa risasi, maaskofu wakasimamia mapatano ya Saint-Sylvestre ya 31 Desemba 2016, walei wakaandamana tena mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018. Kwa uchaguzi wa Desemba 2018 CENCO ilisambaza waangalizi karibu elfu 40, halafu ikatangaza kwamba matokeo ya tume hayalingani na iliyoyakusanya. Na kisha? Rais akaapishwa, maisha yakaendelea. Vijana wengi wa umri wangu walivunjika moyo siku zile. Tulikuwa tumefikiri sauti ya maaskofu inatosha. Kuhusu mwaka 2025 na ule mpango wa amani ambao CENCO na ECC wanautembeza kwa pande zote, sitaandika mingi hapa. Mko Bukavu, mnajua kwa nini.

Nije kwa yetu sisi, wenye licence mkononi.

Kwetu Kanisa limekuwa kitu cha tatu, ambacho babu na baba hawakukijua vile: ni mwajiri. Fungua tangazo lolote la kazi ya agronome hapa kwetu, ukitoa ONG za wazungu na mashirika ya umoja wa mataifa. Nani anabaki? Caritas, BDD, masista wenye shamba, parokia yenye projeti ya mbuzi. Serikali inaajiri agronome wangapi? Kituo cha INERA Mulungu tunakienda kwa ziara ya masomo, tunapiga picha mbele ya ubao.

Mwaka juzi niliomba nafasi katika projeti moja ya maharagi yenye madini ya chuma. Sitataja ni ya nani. Dosie ilitaka CV, nakala ya diploma, na "barua ya curé wa parokia". Nilikwenda kuitafuta. Katibu wa parokia alinifungulia daftari: umelipa denier du culte? Uko shirika gani? Nani kiongozi wa shirika yako? Nilikuwa sijafika kwenye shirika tangu mwaka wa kwanza wa universite. Nilirudi nyumbani, nikalipa deni la miaka minne kwa mkopo wa dada yangu, nikahudhuria shirika Alhamisi tatu mfululizo na uso wa mtakatifu, barua ikatoka. Kazi nayo ilipewa mwingine.

Nimecheka sana juu ya hadithi hii lakini si ya kuchekesha. Barua ile inatuharibu pande zote mbili. Inamfundisha kijana kuomba kwa ajili ya dosie, na inampa katibu wa parokia kazi isiyo yake, ya kupima imani kwa risiti. Tena inamfungia mlango agronome mzuri wa CEPAC ao Mwislamu, wakati maharagi hayajui dini ya aliyeyapanda. Nikiwa na nafasi ya kumuambia askofu jambo moja, ni hilo. La pili lingekuwa hektari: kwenye konsesio ambazo hazitumiki, kwa nini tusiwape vijana mikataba ya miaka kumi, iliyoandikwa, ya kulima kahawa na kutunza mteremko? Mapatano ya 1906 yalitaka kilimo kifundishwe pale juu. Sisi ndio tuliosomea.

Na bado, vijana wenye imani ya kweli wapo, na sura yao imebadilika. Tarehe 15 Juni 2025, kule Roma, Kanisa lilimtangaza mwenye heri Floribert Bwana Chui. Si padri, si bruda. Ni kijana wa Goma, mwenye diploma ya sheria, aliyeajiriwa OCC kupima vyakula vinavyopita mpakani. Alikataa rushwa ili vyakula vilivyoharibika visiingie sokoni, wakamteka na kumuua Julai 2007. Alikuwa na miaka 26. Nimewahi kufanya stage ya kupima mbegu. Najua mtu anakuja vipi, anaweka bahasha vipi kati ya karatasi, anakuita vipi "mdogo wangu". Kwa mara ya kwanza nilimsikia mwenye heri ambaye kazi yake naielewa.

Padri wangu wa Hispania nilimjibu juzi. Nilimuambia shirika yetu Alhamisi iliyopita ilikuwa na watu 19, wanaume wanne, vijana wawili, miye nikiwa mmoja wao, na kwamba safari hii sikuwa natafuta barua. Nilimuambia pia mama anamsalimia, na kwamba nafasi ya dada kwa masista imepatikana. Akanitumia tena sauti, fupi. Kwanza alicheka. Halafu akauliza minerval mwaka huu ni ngapi, na kama anaweza kuongezea kidogo.